Bibi Harusi wa Poromoko la Kati

Kwa miaka kumi na tisa Redio alimuua mama mkwe wake mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nane mchana, na wakati wa likizo za shule alimuua hata mara tano. Alimuulia pale pale, poromoko la kati, kidato cha mia moja na arobaini, huku watalii wamejikunyata ndani ya makoti ya mvua ya kukodi na miwani yao imejaa ukungu. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikuwa mzima, anaishi mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi, na tangu aolewe hakuwahi kuyakanyaga tena maporomoko yale. Marehemu asiyehudhuria matanga yake hana malalamiko.

Redio halikuwa jina alilopewa na wazazi. Waongozaji wenzake walimpa kazini, kwa kuwa ukishamwasha hazimiki. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti iliyoweza kushindana na maji yanayoanguka kutoka juu kama paa la ghorofa ya kumi. Na pale sauti ndiyo mtaji. Maji yale huanguka mara tatu. Poromoko la juu ni jembamba na lina mbwembwe, la kati ni pana na kila asubuhi yenye jua hutoa upinde wa mvua, la chini humwagikia kwenye bwawa la kijani ambalo watu huligeuzia mgongo wakajipiga picha. Mgeni akifika kwa mara ya kwanza hunyamaza. Ngurumo humwingia kifuani, manyunyu humlowesha kope, naye husahau hata simu aliyoishika. Unyamavu huo hudumu dakika mbili hivi. Dakika ya tatu anaanza maswali, maana binadamu hawezi kukiona kitu kizuri kiasi kile akaridhika kwamba kipo tu. Anataka aambiwe nani alifia pale.

Redio hakuwa na nia mbaya. Mwaka wake wa kwanza kazini, kikundi kimoja cha walimu kilichoka kumsikiliza akitaja vipimo, naye kwa kuwafurahisha akawasimulia kisa ambacho mkewe alimsimulia wakati wa uchumba: kwamba mama yake, asubuhi ya harusi yake mwenyewe, alikwenda mtoni kunawa miguu, akateleza, akatumbukia na gauni lake, akaopolewa na akina mama waliokuwa wakifua, akaolewa mchana wake kwa gauni la kuazima. Katika familia ile kisa hicho kilikuwa cha kuchekea. Lakini alipofika pale pa kutumbukia, mwalimu mmoja alishika kifua akauliza, "Akafa?" Redio akawatazama usoni mmoja mmoja. Akaona wazi kwamba wakiambiwa aliopolewa, watasikitika.

"Akafa," akasema.

Mwalimu yule alilia mpaka akaazimwa leso. Kikundi cha pili kikauliza alifuata nini mtoni, basi Redio akampa bibi harusi kijana wa kumpenda, akamsimamisha ng'ambo ya pili. Cha tatu kikauliza kijana alifanyaje. Alisimama, akasema Redio, alisimama akimngoja mpaka jua likazama, na siku zenye upepo bado anasikika akiita. Chumvi ikaongezwa juu ya chumvi. Mkewe alipopata habari aliweka kijiko chini akamwambia, "Siku mama akisikia, utafute pa kulala." Redio akacheka. Mama alikuwa mbali.

Mwenzake mkubwa kazini alikuwa mzee mmoja mnene, mwenye pumzi fupi, aliyeitwa Mzee Joka. Yeye alitawala poromoko la chini, na historia yake ilikuwa fupi: chini ya bwawa limelala joka la vichwa saba, na ngurumo mnayoisikia ni mkoromo wake. Waongozaji walikuwa na sheria yao ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa hata siku moja. Kila mtu na uongo wake, kila mtu na poromoko lake, na wawili wakikutana kwenye ngazi na vikundi vyao, wote hukatiza hadithi wakageuka watu wa kuhesabu vidato. "Mia moja na mbili, wageni wangu, mia moja na tatu, shikeni kamba." Amani hiyo ilidumu miaka mingi.

Ikaja kuvunjwa na watu wawili waliokuwa kwenye fungate. Asubuhi walizunguka na Mzee Joka, mchana wakazunguka na Redio, jioni wakakaa kuandika barua kwa meneja. Waliandika kwa adabu zote. Tunaomba kufahamishwa, walisema, je, bibi harusi alimezwa na joka, au joka lilikuwa limekwisha kufa kabla ya harusi?

Meneja alikuwa mama mmoja mgeni wa kazi, mwenye miwani na daftari, aliyetoka mahali ambako mambo huandikwa. Jumatatu aliwakusanya waongozaji wote chini ya kibanda cha makoti ya mvua, akaisoma barua ile kwa sauti. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kuanzia mwezi ujao historia itakuwa moja," akasema. "Itachongwa kwenye jiwe pale langoni, na kila mwongozaji ataisema hiyo hiyo. Jumamosi nakuja na wajumbe wawili wa bodi. Tutawasikiliza. Mwenye historia itakayochaguliwa atakuwa kiongozi mkuu wa waongozaji. Ajira ya kudumu."

Redio aliyarudia moyoni hayo maneno matatu ya mwisho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa siku. Siku aliyoumwa hakuwa na kazi, na siku aliyopona aliomba upya kama mtu aliyefika jana. Magoti yake yalikwisha kuanza kuvihesabu vidato yenyewe, bila kuambiwa. Aliwaza shati lenye kola na jina lililoshonwa kifuani, akalitamani kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema. Wengine wote walijua shindano lilikuwa la watu wawili: yeye na joka.

Jumanne jioni aliporudi nyumbani alikuta masanduku mawili sebuleni, na juu ya kochi lake wamekaa wakwe zake.

"Paa limeezuliwa," mkewe akamwambia upesi upesi jikoni. "Mafundi wamesema wiki mbili. Ulitaka walale wapi?"

Redio akarudi sebuleni, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe," akasema baba mkwe. Alikuwa karani wa posta mstaafu, mzee mdogo wa umbo, msafi, mtu ambaye ukikaa naye saa nzima utafikiri mmeongea sana, kumbe umeongea peke yako. "Tumekuja kukusumbua."

"Hapana baba, hapa ni kwenu."

Alisema hapa ni kwenu, na moyoni akahesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Wakati wa chakula mzee alisafisha koo akasema jambo moja tu. Alikuwa angependa kwenda kumwona mkwe wake kazini. Kwani hiyo Jumamosi si wanakuja wakubwa?

Redio akarudisha tonge sahanini. "Baba, ngazi ni nyingi mno. Mia tatu na kumi na mbili. Na zina utelezi."

"Nina mkongojo."

"Na manyunyu, baba. Utapata kikohozi."

"Nitavaa koti."

Redio akamgeukia mama mkwe kwa macho ya kuomba msaada. Mama mkwe alikuwa mama mrefu, wa maneno makavu, ambaye wajukuu walimwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja.

"Mimi siendi," akasema. "Maji yanaanguka, sawa. Bombani pia yanaanguka."

Redio akashusha pumzi. Baba mkwe, akawaza, si hoja. Atasikia kisa cha bibi harusi aliyekufa, na kwa kuwa wake yuko hai nyumbani anachagua mchele, wala hatashtuka. Ubaya ni kwamba mtu aliyezoea kusema huwa hakumbuki kwamba kuta zina masikio.

Alhamisi asubuhi alijifungia bafuni kufanya mazoezi. Ili mambo yawe kama yenyewe, alifungulia bomba ndani ya ndoo ya bati apate ngurumo, akajipaka sabuni, akaanza. Alifika pa bibi harusi, akampandisha kwenye jiwe la kwanza, la pili, la tatu, viatu mkononi. Akamweka kijana ng'ambo, shati lake la bluu linapepea. Akamtelezesha. Akapaza sauti kwa kilio cha mwisho, kile ambacho huwatoa machozi hata madereva wa mabasi. Kisha akajimwagia maji akatoka, taulo kiunoni, povu sikioni, na kwenye ukumbi mwembamba akamkuta mama mkwe amesimama na ungo wa mchele.

Kuna mambo mawili ambayo mtu hapaswi kuyafanya mbele ya mama mkwe wake. La kwanza ni kusimama na taulo. La pili ni kumtosa mtoni. Redio alikuwa ameyatimiza yote mawili kabla ya chai.

"Vaa," akasema mama. "Halafu uje jikoni."

Alivaa mpaka viatu. Alipoingia jikoni mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua. Mkewe Redio alikuwa ameshakwenda kazini, na mzee alikuwa uani anasoma gazeti la wiki iliyopita.

"Mama, nisamehe," Redio akaanza, na alipoanza, kama kawaida yake, hakuweza kusimama. "Ni maneno ya kazini tu, wale wageni bila maiti hawaridhiki, nami sikuwahi kukutaja, Mungu shahidi, nilisema bibi harusi mmoja tu, wapo wengi, hata sura nilikubadilisha, nilikufanya mfupi."

"Kufa si neno," mama akamkata. "Kila mtu atakufa. Nani alikuambia habari za yule kijana?"

"Kijana gani, mama?"

"Wa ng'ambo."

"Huyo nilimtunga."

"Usinidanganye. Umesema shati la bluu."

"Nilisema tu bluu, mama. Linaonekana vizuri kwenye majani."

Mama akaacha kuchagua. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayetazama noti akitaka kujua kama ni ya bandia.

"Lilikuwa la bluu," akasema.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Redio alikuwa akiisema methali hiyo kwa watalii kila siku bila kuifikiri. Sasa ilimgeukia mwenyewe. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alimsikiliza mtu mpaka mwisho.

Mama hakwenda mtoni kunawa miguu. Nani huamka alfajiri ya harusi yake akapita visima viwili ili anawie miguu kwenye maporomoko? Alikuwa na kifurushi cha nguo kichwani na viatu mkononi. Kijana alikuwa fundi wa baiskeli, hana kitu, ana maneno. Walikubaliana amngoje ng'ambo, wapande gari la kwanza.

"Wanasema kuteleza si kuanguka," akasema mama. "Mimi niliteleza, nikaanguka, na nikaolewa, vyote kabla ya saa nane mchana."

Redio akaisogeza ndoo karibu.

"Simlalamikii baba yako. Usije ukafikiri hivyo. Ni mtu mwema, hajanipandishia sauti miaka arobaini na miwili. Nasema tu kwamba nilikuwa navuka." Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Waliponiopoa sikumwona tena yule. Watu walinizunguka. Lakini ulivyosema ndivyo. Alisimama pale mpaka jua likazama. Alikuwa mtu wa namna hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe unataka kunichonga kwenye jiwe. Baba yako hajui. Na yule husoma kila kitu, husoma hata karatasi waliyofungia sukari. Atasoma, atapiga hesabu, atajua. Utaninyima amani uzeeni kwa sababu ya shati lenye kola?"

Habari za kola alikuwa amezipata kwa binti yake. Redio akatazama mikono yake. Alijua neno alilotakiwa kulisema, na alijua litamgharimu nini.

"Sitasema, mama," akasema hatimaye.

"Apa."

Akaapa. Kisha akatoka uani, akampita mzee aliyekuwa akilisoma tangazo la msiba la mtu asiyemjua, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakuwa na wa kumpa. Kisa alichokifuga miaka kumi na tisa kilikuwa kimegeuka kuwa cha kweli, na ndiyo maana hakifai tena.

Ijumaa hakuongea kutwa. Mkewe alimshika paji la uso akasema hana homa.

Jumamosi jua lilitoka vizuri, upinde wa mvua ukasimama mahali pake. Meneja alikuja na wajumbe wawili, mmoja mwanamke mwenye viatu visivyofaa, mwingine bwana mwenye kofia pana. Nyuma yao, ndani ya koti la mvua la manjano lililomfika kwenye vifundo vya miguu, alikuja baba mkwe na mkongojo wake na suruali iliyopigwa pasi ikakata kama kisu. Alijitambulisha kama mzazi, meneja akamkaribisha.

Mzee Joka alianza, poromoko la chini. Lazima tuseme ukweli, siku hiyo alijitahidi. Alikoroma kwa vichwa vyote saba, kimoja kimoja, mpaka kwenye kichwa cha tano pumzi ikamwishia akaketishwa kwenye jiwe. Wajumbe walipiga makofi. Aliomba apumzike kidogo, kisha akawafuata juu polepole, akijivuta kwenye kamba, kwa kuwa hakutaka kukosa kusikia mpinzani wake akishindwa.

Walipofika kidato cha mia moja na arobaini, Redio aligeukia maji, akageukia watu, akafungua kinywa.

"Mwamba wa juu ni mgumu," akasema. "Mwamba wa chini ni laini. Maji hula ule laini."

Wakangoja.

"Hula polepole," akaongeza.

Aliendelea hivyo kwa dakika sita. Alisema habari za mawe, akasema habari za kina, akataja idadi ya ndoo zinazoweza kujazwa kwa saa moja, akakosea, akairudia. Bwana mwenye kofia alipiga mwayo mpana hata manyunyu yakamwingia mdomoni. Mzee Joka, ambaye alikuwa akitabasamu, aliacha kutabasamu. Hata yeye ilimwuma kuona mtu wa fani akijichinja hadharani namna ile.

"Samahani," akasema yule mwanamke mwenye viatu visivyofaa, kwa sauti ya juu ili ashinde maji. "Dada yangu alikuja hapa mwaka jana. Alisema kuna bibi harusi."

"Ndiyo," akasema bwana mwenye kofia, akazinduka. "Hata mimi nimekuja kwa ajili ya bibi harusi."

Redio alimtazama baba mkwe. Mzee alikuwa ameegemea mkongojo, macho yake kwenye mawe ya mtoni, uso mtulivu. Basi Redio alikusanya miaka yake yote kumi na tisa akaitupa majini kwa mkono wake mwenyewe.

"Hakuna bibi harusi," akasema. "Nilitunga. Hakuna aliyefika hapa, hakuna aliyefia hapa. Nimewadanganya watu muda wote huu. Samahanini."

Meneja akafunga daftari. Redio alilisikia jalada likifungwa, kwenye ngurumo yote ile, akaumia kama mtu aliyefukuzwa kwake.

"Alikuwepo!" ikasema sauti nyuma.

Wote wakageuka. Pale poromoko la kati huwezi kunong'ona; ukitaka kusikika sharti upige kelele. Kwa hiyo karani wa posta, ambaye maishani mwake hakuwahi kupaza sauti, aliitoa siri ya miaka arobaini na miwili kwa kuipigia ukelele.

"Alikuwepo! Nilimwoa mimi!"

"Baba," Redio akasema, "twende nyumbani."

"Kaa kimya, mkwe. Siku zote unasema wewe. Leo sikubali ujiite mwongo." Akasogea mbele, akanyoosha mkongojo juu, kwenye njia ya vichaka. "Nilikuwa pale. Alfajiri ya harusi. Nilikuwa kichakani."

"Ulikuwa unamvizia?" akauliza meneja.

"Nilikuwa naumwa tumbo! Tumbo la harusi, mama, siku tatu lilikuwa limenishika. Nimechuchumaa pale, natazama chini, namwona bibi harusi wangu anavuka mto na kifurushi kichwani. Na ng'ambo kasimama kijana. Sikuwa mjinga. Nikajua safari ile si ya kunawa miguu."

Mjumbe mwenye viatu alikuwa ameshika mkono wa bwana mwenye kofia bila kujijua.

"Nikasema moyoni, mwache avuke. Kama anampenda, avuke. Sikumwita. Akafika jiwe la tano, akateleza." Mzee akashika kamba. "Hapo ndipo nilipopiga kelele. Suruali sijaifunga. Akina mama wakasikia, wakamwopoa. Hajajua mpaka leo nani alipiga kelele."

"Na yule kijana?" akauliza Mzee Joka, ambaye alikuwa amesahau kabisa kwamba alikuja kushindana.

Mzee akaunyoosha mkongojo kuelekea ng'ambo.

"Alikimbia," akasema. "Alipomwona tu bibi harusi ametumbukia, aligeuka akakimbia. Niliona mgongo wake. Shati la bluu, linapotea kwenye majani. Hata nyuma hakutazama."

Redio alimsogelea.

"Hukumwambia?" akasema. "Miaka yote hii? Baba, si ungemwambia tu?"

"Nimwambie nini? Mke wangu anaamini kuna mtu alisimama akimngoja mpaka jua likazama. Husema usingizini. Sasa nimnyang'anye hilo ili iweje? Ili aniangalie mimi kwa kukosa mwingine?" Akageuka kwa meneja. "Msichonge, mama yangu. Kwanza nilitaka tu kumwona mkwe wangu kazini, lakini juzi nikamsikia bafuni."

"Nawe ulisikia?" Redio akauliza.

"Mkwe wangu, nyumba nzima ilisikia." Akafuta uso kwa mkono, manyunyu na yasiyo manyunyu. "Nilikuja kuwaomba. Andikeni chochote, lakini hilo msiandike. Hajui kwamba najua. Na mimi nimeridhika. Kila mwaka siku ile namshukuru Mungu kwa utelezi wa jiwe lile."

Bwana mwenye kofia aliivua. Meneja alivua miwani akaipangusa kwa pindo la koti lililolowa, ambalo halikusaidia. Mzee Joka alikuwa akilia waziwazi, mabega yakimpanda na kushuka, na kati ya kwikwi alisema kwamba hata lile joka lake halijawahi kumfanyia hivi.

Jumatatu jiwe likaanza kuchongwa langoni. Joka la vichwa saba. Mzee Joka akapewa shati lenye kola, naye hakuwa na raha kulivaa. Kila akimwona Redio alilifunika kwa koti la mvua. Redio akabaki kibarua. Saa nne na saa nane husimama na wageni wake akakoroma kwa vichwa saba kama mtoto anayesoma kitabu cha darasa la pili, na akilini ana kisa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvisikia, na hana ruhusa ya kumwambia mtu. Siku za kwanza kilimwasha ulimini mpaka akawa anakula pipi. Kuna mchana alitaka kulia kwa uchungu wa ile ajira, na alilia, nyuma ya kibanda cha makoti, akanawa uso akarudi kazini.

Mama alimwuliza mara moja tu, jikoni, sauti ya chini. "Baba yako alisikia chochote kule?"

"Hapana, mama. Nilisema habari za mawe."

Siku hiyo hiyo mzee alimwuliza uani. "Mama yenu anashuku chochote?"

"Hapana, baba."

Mafundi walipiga simu paa limekwisha. Asubuhi ya safari, masanduku yakiwa tayari mlangoni, mama mkwe aliweka kikombe mezani akasema basi ni la saa saba, muda upo, na kwa kuwa wamefika mpaka hapa, si vibaya akayaona hayo maji.

Walishuka watatu. Vidato mia moja na arobaini viliwachukua karibu saa nzima, magoti matatu mabovu kati ya sita. Palikuwa hapana wageni. Upinde wa mvua ulikuwa umesimama, na Redio, kwa mazoea, alifungua kinywa kuutaja, akakifunga.

Mama alisogea mpaka kwenye kamba. Akayatazama mawe, moja, la pili, mpaka la tano. Kisha akainua macho ng'ambo ya pili, kwenye majani, akatazama kwa muda mrefu sana. Mzee alikuja akasimama kando yake, akamshika mkono juu ya kiwiko.

"Mbona unanishika hivyo?" mama akasema, karibu kwa kupiga kelele, kwa ajili ya maji. "Utanivunja."

"Pana utelezi!"

"Siendi popote, mzee."

"Najua," akasema mzee, wala hakumwachia.